Tujifunze Kiingereza: Neno "Port"

Mwanafunzi mmoja wa Kalundu ametuuliza hivi: "Port ya Kiingereza na port ya Kifaransa zaandikwa kwa herufi zile zile nne. Je, si neno moja? Na kama ni moja, mbona mwalimu wangu alipitisha kalamu nyekundu juu ya sentensi yangu?"

Swali ni fupi, lakini jibu lake ni refu. Tena si swali la darasani tu. Neno hili liliwahi kuvunja urafiki wa akina mama wawili, mmoja wa Kalundu na mwenzake wa Kigoma, nao walikuwa wamefanya biashara pamoja kwa miaka mingi. Basi tutasimulia habari yao kwanza, kisha tutafundisha.

MAGUNIA YA CHUMVI

Mama wa Kalundu alikuwa akiletewa chumvi kutoka Kigoma. Desturi yao ilikuwa nyepesi. Yeye hutanguliza fedha ya chumvi pamoja na nauli ya chombo. Mwenzake hununua, hulipa nauli, na kupakia magunia. Hawakuwa na mkataba ulioandikwa. Neno lao lilitosha.

Siku moja magunia yalifika pamoja na karatasi ya Kiingereza, iliyoandikwa na karani wa chombo. Mama hakukijua Kiingereza. Akamwita mwanawe, mwanafunzi wa sekondari, ambaye shule nzima ilimsifu kwa Kifaransa chake. Karatasi ilikuwa na mistari miwili tu: "Freight paid. Port charges to be paid at Kalundu."

Neno la kwanza, freight, kijana hakulijua, akaliruka. Neno port alifurahi kuliona kama mtu aonavyo uso wa jamaa ugenini, maana Kifaransa kina maneno frais de port, yaani gharama ya kupeleka kitu mpaka kimfikie mwenyewe. Akasema, "Mama, hapa wanasema gharama ya kuleta mzigo haijalipwa. Italipwa hapa Kalundu."

Mama akanyamaza. Fedha ya nauli alikuwa ameihesabu na kuipeleka kwa mkono wake mwenyewe. Basi imekwenda wapi? Usiku ule hakupata usingizi. Kulipokucha alipeleka Kigoma maneno makali, maneno ambayo mtu hamwambii dada yake. Yule wa Kigoma, asiyekuwa na kosa lo lote, akajibu kwa ukali ule ule. Miezi miwili ikapita, wala gunia moja la chumvi halikuvuka ziwa kati yao.

Karatasi ile ilibaki nyumbani, imekunjwa. Dominika moja, baada ya Misa, mama akamwonyesha mzee mmoja wa parokia aliyewahi kuwa karani wa forodha. Mzee akavaa miwani, akasoma mara mbili.

"Mama, nani alikusomea karatasi hii?"

"Ni mwanangu, mzee."

"Mwanao alisoma neno la Kiingereza kwa macho ya Kifaransa. Hapa imeandikwa kwamba nauli ya mzigo imekwisha lipwa. Kinachosalia ni ushuru wa bandari, huu tunaoulipa sote hapa gatini."

Na ushuru huo mama alikuwa ameulipa siku ile ile magunia yaliposhushwa, kama alivyoulipa siku zote.

Mwisho wa habari hii tutausema baadaye. Sasa na tulitazame neno lenyewe.

KWA NINI TULIJUE NENO HILI

Kalundu ni bandari ya Uvira, katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi, na nchi nne zimelizunguka: Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia. Usiku, mtu akisimama pwani ya Uvira, aziona taa za Bujumbura ng'ambo. Chombo kikielekea kusini chaweza kufika Baraka na Kalemie kwa upande wetu, Kigoma kwa upande wa Tanzania, na mwisho wa ziwa Mpulungu katika Zambia.

Watu wa pwani hizi waelewana kwa Kiswahili, lakini karatasi zao hazielewani. Kwetu Kongo, karatasi za forodha na za shule ni za Kifaransa. Zile za Kigoma na Mpulungu mara nyingi ni za Kiingereza. Tena tangu mwaka 2022 Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na makaratasi ya Kiingereza yazidi kuvuka ziwa. Kwa hiyo mtu wa Kalundu asiyetambua maana ya port katika lugha zote mbili ni kama nahodha asiyejua mwamba ulipo mbele ya mlango wake.

KULITAMKA

Mfaransa huandika t wala haitamki. Kwake port husikika "por", sawasawa na porc, yaani nguruwe. Mwingereza huitamka t hiyo, na o yake huivuta kidogo, kama tungeandika "poot". Herufi r Mwingereza huiacha karibu kabisa; Mmarekani huisikilizisha.

Jihadharini na o fupi. Ukiikata o utakuwa umesema pot, yaani chungu. Mwanafunzi akisema kwamba meli imeingia katika pot, wasikilizaji watamwuliza ni chungu gani kikubwa hivyo.

MAANA YAKE YA KWANZA

Port ni bandari: mahali vyombo vinapofika kupakia na kupakua watu na mizigo, penye gati, maghala, forodha na wafanya kazi. Yaweza pia kuwa mji wenyewe wenye bandari. Kigoma is a port, maana yake Kigoma ni mji wa bandari.

Kiingereza kina neno jingine lililo jirani, nalo ni harbour. Kiswahili husema "bandari" kwa yote mawili, lakini Mwingereza hupambanua. Harbour ni maji yaliyotulia, yaliyokingwa na nchi kavu au na ukuta, ambamo chombo hupumzika salama. Port ni kazi inayofanyika hapo. Kule Mombasa, maji yenye kina ya Kilindini ni harbour. Magati, mitambo na ofisi zilizojengwa kando yake ni port. Harbour yaweza kuwapo pasipo mtu hata mmoja. Port haiwezi.

Wala si kila pwani penye mitumbwi ni port. Mwaka 1858 Waingereza wawili, Burton na Speke, walisafiri kwa mitumbwi kutoka Ujiji hata Uvira. Biashara ilikuwapo, na wavuvi walikuwapo, lakini mitumbwi ilivutwa mchangani tu. Mahali kama hapo, pasipo gati wala ghala, Kiingereza huita landing place.

KULITUMIA KATIKA SENTENSI

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Shikeni sana mambo matatu.

La kwanza: port huhesabika. Twasema a port kwa bandari moja, na two ports, many ports kwa nyingi.

La pili: bandari ikitajwa kwa of, hutanguliwa na the: the port of Kalundu. Lakini jina la mahali likitangulia, the huondoka: Kalundu Port. Usichanganye njia hizi mbili.

La tatu ndilo gumu. Mwingereza husema The ship is in port, bila the, akieleza hali ya chombo: kimetia nanga, hakimo safarini. Kadhalika chombo hu-leave port kikiondoka, na hu-reach port kikifika. Lakini mtu si chombo. Baba akifanya kazi bandarini, twasema My father works at the port, pamoja na the.

Mfano wa kanisani utasaidia. Mkristo aendaye kusali, Mwingereza husema he goes to church, bila the, maana anakwenda kwa kazi ambayo kanisa lilijengwa kwa ajili yake. Seremala aendaye kutengeneza paa, yeye goes to the church, maana anakwenda kwenye jengo tu. Ndivyo ilivyo kwa chombo na bandari. Chombo kiko in port kwa kazi yake. Mchukuzi, mwuza samaki na askari wako at the port.

Huu ni mfano mwingine, nao ni wa kweli wenye uchungu. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda, yakaingia katika nyumba za watu wa Uvira, na Kalundu haikusalimika. Mtu akitaka kumwandikia rafiki wa Zambia habari hiyo, na aseme: In 2024 the port of Kalundu was flooded. Ataeleweka mara moja.

NDUGU WA UONGO

Sasa tumjibu mwanafunzi wetu. Maneno haya mawili yalizaliwa nyumba moja, lakini Kifaransa kimeipa port yake kazi ambazo Kiingereza hakikuipa. Kwa Kifaransa port ni bandari. Tena ni tendo la kuchukua kitu, hata la kuvaa nguo. Kwa Kiingereza cha leo maana hizi mbili hazimo.

Kwa hiyo le port de l'uniforme, yaani kuvaa sare, kwa Kiingereza ni wearing the uniform. Sisi wenyewe, tulipokuwa wanafunzi, tuliandika katika mtihani the port of the uniform is obligatory, maana yake kama kuna maana, "bandari ya sare ni ya lazima". Mwalimu alicheka hata akavua miwani. Basi kijana wa Kalundu asione haya. Kalamu nyekundu ilitupitia sisi pia.

Le port d'armes, yaani kuchukua silaha, kwa Kiingereza ni carrying arms. Na frais de port ni delivery charges, au postage kama kitu kimepelekwa kwa posta. Lakini port charges ni ushuru wa bandari. Hapo ndipo magunia ya chumvi yalipozama, ingawa yalifika makavu.

Tena liko neno lililotokea upande wa pili. Katika Kifaransa cha kwetu Kongo, watu husema beach wakitaja mahali pa kupandia vyombo; wote wamesikia habari za Beach Ngobila kule Kinshasa, wanakopanda wavukao kwenda Brazzaville. Neno hili ni la Kiingereza, lakini Mwingereza akisema beach ataja ufuko wa mchanga. Ukimwandikia mtu wa Kigoma kwa Kiingereza kwamba tangu asubuhi hata jioni uko kwenye beach, atafikiri unaogelea, kumbe unahesabu magunia juani. Andika the port.

JAMAA YA NENO

Wazee wetu waliotumikia Misa ya Kilatini wataitambua asili yake. Kilatini kina portus, bandari. Kina porta, mlango. Kina na portare, kuchukua. Kutoka katika maneno haya ya jamaa moja yametoka mengi ambayo mtu wa bandarini huyasikia kila siku. Import ni kuingiza bidhaa katika nchi. Export ni kuzitoa. Transport ni kuzichukua toka huku hata kule. Porter ni mchukuzi wa mizigo. Tena porter ni bawabu, mlinzi wa mlango. Haya ni maneno mawili yenye sura moja: la kwanza ni mtoto wa portare, la pili ni mtoto wa porta. Airport ni bandari ya ndege.

Neno opportunity, yaani nafasi njema, nalo ni la jamaa hii. Warumi waliuita opportunus upepo unaovuma kuelekea bandarini. Nafasi njema, basi, ni upepo uliokukuta tayari una tanga. Asiye na tanga, upepo humpita.

UPANDE WA KUSHOTO

Mabaharia wana port nyingine. Ukisimama ndani ya chombo ukiangalia omo, upande wako wa kushoto ni port, na wa kulia ni starboard. Kwa nini? Zamani kasia la usukani lilifungwa upande wa kulia, na starboard maana yake ni upande wa usukani. Ili kasia lisipondwe, chombo kilisogezwa gatini kwa upande wa kushoto. Na hivyo upande huo ukawa upande wa bandari. Kwanza Waingereza waliuita larboard, lakini katika kelele za dhoruba larboard na starboard zilisikika karibu sawa, na kosa la sikio laweza kukizamisha chombo. Mwaka 1844 wakuu wa jeshi la maji la Uingereza wakaagiza kwamba neno port litumike peke yake.

Usiku, port huwa na taa nyekundu, na starboard taa ya kijani. Ili wasisahau, wanafunzi wakumbuke kwamba port ina herufi nne, na left, yaani kushoto, ina nne vile vile.

METHALI

Waingereza wana methali: Any port in a storm. Katika dhoruba, bandari yo yote yafaa. Husema hivyo juu ya mtu aliyebanwa na shida, akakimbilia msaada wa kwanza aliouona, uwe mzuri au mbaya. Wetu nao walisema, mfa maji hushika maji. Methali hizi mbili ni jirani, lakini hazikai nyumba moja: mfa maji wetu ameshika kisichomfaa kitu, bali chombo cha Mwingereza kimepata walau pa kutia nanga.

Na tukitazama vema, kijana wetu alifanya hivyo. Katika karatasi ngeni aliona neno moja analolijua, akalikimbilia. Ilikuwa bandari, lakini haikuwa yake. Kosa lake kubwa halikuwa kutojua freight, maana hakuna ajuaye yote. Kosa lake ni kwamba aliliruka, kisha akamsomea mama yake kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Laiti angalisema, "Mama, neno hili silijui, tumwulize mtu," mama angalilala usingizi.

ZOEZI

Jazeni nafasi hizi kwa port, the port, au ports:
1. The lake has many ......
2. My uncle works at ......
3. Our ship left ...... at night.
4. ...... of Kigoma is in Tanzania.

Majibu: ya kwanza, ports, ya pili, the port, ya tatu, port, ya nne, the port, na kwa kuwa yaanza sentensi, T iwe kubwa.

MWISHO WA HABARI

Mama wa Kalundu hakumpiga mwanawe wala hakumtukana. Alimketisha, akamwambia, "Mwanangu, uliniambia neno nikaliamini. Sasa utaniandikia jingine." Kijana akaandika barua ya kuomba radhi, mama akisema neno kwa neno. Hakuficha kitu: alieleza jinsi karatasi ilivyosomwa, na jinsi yeye mwenyewe alivyofanya haraka kumshtaki rafiki kabla ya kumwuliza. Barua ikapewa baharia mwaminifu, ikavuka ziwa.

Kwa siku nyingi hapakuwa na jibu. Kisha chombo kimoja kikaleta magunia manne ya chumvi ambayo hayakuagizwa, pamoja na kipande cha karatasi. Safari hii mama hakuhitaji mtu wa kumsomea. "Dada yangu," kiliandikwa, "nauli nimelipa. Ushuru wa bandari utalipa wewe. Chumvi tutahesabiana tukionana. Tangu leo, karani aandike apendavyo, lakini mimi na wewe tuandikiane kwa Kiswahili."

Wasomaji wapenzi, tujifunze Kiingereza, tena kwa bidii, maana karatasi zake zaja. Lakini neno tusilolijua tuliulize, hata kama limevaa nguo za jirani tunayemjua. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutatazama neno news: mbona lina s mwishoni, na Mwingereza hulihesabu kama moja?